Mjamzito anapokaribishwa nyama mbichi ugenini

Tunapofunga safari ya nje ya nchi, wengi wetu hukumbuka pasipoti, fedha za kigeni na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ni wachache wanaojiuliza watamjibu nini mwenyeji anayewapa, kwa moyo mkunjufu, chakula ambacho hawapaswi kula.

Swali hilo lilitukuta marafiki wanne tukiwa Addis Ababa, Ethiopia. Mmoja wetu alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Rafiki tuliyesoma naye chuo alitualika kwao chakula cha mchana, tukakuta mama yake ametuandalia kitfo.

Kitfo ni nyama ya ng'ombe mbichi iliyokatwakatwa hadi ikawa laini, ikachanganywa na samli ya viungo na pilipili kali iitwayo mitmita. Asili yake ni kwa watu wa Gurage, na ni chakula cha heshima. Pembeni kulikuwa na jibini laini, sukuma wiki na injera, ule mkate mpana wenye uchachu unaotengenezwa kwa nafaka ya teff.

Tulinawa kwa maji ya birika kama nyumbani, tukazunguka sinia moja. Mama akakunja tonge la injera na nyama, akampelekea mdomoni rafiki yetu mjamzito aliyeketi karibu naye. Gauni lake pana lilikuwa limeficha tumbo.

Kulishana huko huitwa gursha na ni ishara ya upendo. Ukilikataa tonge, unaweza kuonekana umemkataa anayekulisha.

Rafiki yetu alishika tumbo, akatabasamu. "Samahani mama, nina mtoto humu. Kliniki wamenikataza nyama mbichi."

Binti yake akatafsiri. Kimya kikapita. Kisha mama akacheka, akainuka na bakuli la nyama kwenda jikoni. Alirudi na kitfo iliyokaangwa hadi ikawa kahawia, akamlisha tonge moja, akaongeza la pili: "Hili la mtoto." Sisi watatu tuliokuwa tunaona aibu kusema, nasi tukaomba iliyopikwa.

Tahadhari ile ilikuwa na sababu. Nyama mbichi inaweza kuwa na kimelea kinachosababisha toksoplasmosisi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuambukizwa bila kuona dalili yoyote. Lakini mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kimelea kinaweza kumfikia mtoto tumboni, kikasababisha mimba kuharibika au kudhuru macho na ubongo wa mtoto.

Nyama ya ng'ombe isiyoiva pia huweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo aina ya tegu, ambao hukua ndani ya utumbo hadi kufikia mita kadhaa. Dawa za tegu zipo hospitalini, lakini kuivisha nyama ni rahisi zaidi. Pilipili, limau na samli ya moto haviui vimelea hivyo. Kinachoviua ni joto la kutosha.

Mzazi, ukisafiri na mjamzito au watoto, fanya haya:

Sema mapema. Mweleze mwenyeji hali yako kabla chakula hakijaandaliwa, ili asione umedharau alichopika.

Taja sababu. "Nina mimba" au "mtoto wangu bado mdogo" hueleweka popote kuliko "sipendi".

Jifunze neno la huko. Ethiopia, nyama iliyopikwa ikaiva huitwa yebesele. Ukisema lebleb utaletewa iliyopashwa moto kidogo tu, na hiyo haitoshi.

Kula kinachofaa. Jumatano na Ijumaa Wakristo wengi wa Orthodox nchini humo hufunga nyama, hivyo migahawa hujaa dengu, shiro na mboga zilizopikwa. Ukishiriki sinia lao kwa furaha, hakuna atakayehesabu ulichoacha.

Na hata hapa nyumbani, mishikaki ya barabarani hubabuka nje huku ndani ikiwa bado nyekundu. Kabla ya kumpa mtoto, kata kipande katikati. Kikiwa na wekundu, mrudishie mchomaji akiweke tena jikoni.