Maombi ya chuo yaanze kidato cha tano

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana hukimbilia RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wanatafuta uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, na waliofiwa wanahangaikia cheti cha kifo cha mzazi, kwa sababu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haipokei ombi lisilo na nyaraka hizo. Wapo wenye ufaulu mzuri wanaokosa mkopo kwa jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kile cha kidato cha nne. Jambo hili linatuuma, maana kosa hilo lingeweza kurekebishwa miaka miwili kabla.

Nyaraka si kikwazo pekee. Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Uhuru huo ni mzuri, lakini umemwachia kijana kazi ya kusoma mwenyewe mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kujua kwamba udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kupima nafasi yake. Mtoto wa mjini ana kaka wa kumuuliza. Aliyeko bweni la kijijini, asikoruhusiwa simu, hana.

Tunaziomba shule zitenge walau kipindi kimoja kwa wiki, kuanzia kidato cha tano, kwa maandalizi ya maombi ya chuo, na mwalimu wa ushauri apunguziwe mzigo wa masomo mengine. Wazazi nao wakague majina kwenye vyeti likizo ya Desemba, wakati foleni ni fupi.