Watalii wa meli wanafika Hifadhi ya Nyerere, mbona Namtumbo hatuwaoni?

Januari 2024 meli ya kitalii Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Habari kama hiyo ikisomwa redioni, huku kwetu Namtumbo swali huwa moja: tembo ni hawa hawa wanaomaliza mahindi yetu, mbona hela zao hatuzioni?

Tuanze na muda. Meli ya kitalii haikai. Inafunga gati asubuhi, mara nyingi jioni au kesho yake inaondoka, na haimsubiri aliyechelewa. Kwa hiyo matembezi ya nchi kavu huuzwa humo humo melini, na mawakala wa mjini hupanga yale tu yanayowahi kurudi. Kwa ndege ndogo, kutoka Dar es Salaam hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hata saa moja haifiki. Mtalii anaona viboko wa Rufiji, anakula, anarudi melini. Kuja Namtumbo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900.

Hifadhi hiyo, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba 30,893. Kambi za wapiga picha zimejazana kaskazini, kando ya mto. Kusini tuliachiwa wawindaji, na WMA zetu za Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule zikaegemea vitalu vya uwindaji. Mwindaji hulipa vizuri, ila biashara yake ni tete: mwaka 2014 Marekani ilizuia nyara za tembo wa Tanzania kuingia kwao, na hapakuwa na kijiji kilichoulizwa.

Hapa ndipo penye kiini. Mtalii akilala ndani ya eneo la WMA, jumuiya ina mgao wake. Akilala ndani ya hifadhi ya taifa, kiingilio chake ni cha serikali kuu. Tembo hajui mpaka huo. Anapita ushoroba wa Selous–Niassa, anavuka Ruvuma hadi Msumbiji, na njiani anakula shambani. Mkulima anapewa kifuta jasho, ambacho kwa jina lake tu si fidia.

Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya 100,000 miaka ya 1970. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Katika kuwalinda waliobaki wamo askari wa wanyamapori wa vijiji, na chuo chao kipo hapa hapa Likuyu Sekamaganga. Kwa maoni yetu, kazi hiyo inastahili sehemu ya kiingilio cha hifadhi, na wabunge wetu waidai hivyo.

Abiria wa meli tusimngoje, ratiba yake haitufikii. Anayeweza kufika ni mgeni mwenye siku nne au tano, anayeshuka na ndege Songea, akaona Makumbusho ya Maji Maji kisha akaja porini. Huyo anahitaji kambi ndani ya WMA.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Wawakilishi wenu katika WMA waulizwe hapo: kitalu kina mwekezaji sasa? Mkataba wake unaisha lini? Na je, lipo eneo lililotengwa kwa kambi ya wapiga picha, au lote ni la bunduki?