Mgeni wa Usiku Mmoja

Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962, katika maandishi yake juu ya Ujamaa, ili kumkemea mtu akaaye bure na kula jasho la wenziwe. Mimi leo naitaka kwa kazi nyingine. Naitaka imhukumu mgeni asiyefika siku ya tatu wala ya pili. Mgeni alalaye usiku mmoja, akaondoka kabla ya kuonyeshwa jembe, kisha akaenda kuwasimulia walimwengu habari za shamba.

Nilipata kusafiri na wageni wawili wa namna hii, mtu na mkewe, katika mashua ivukayo kutoka Utende, katika kisiwa kikubwa cha Mafia, kwenda Chole. Kila mmoja wao alikuwa na furushi mgongoni lililompita kichwa. Walikuwa wamefika Nyamisati kwa gari, wakavuka bahari mpaka Kilindoni pamoja na abiria wengine, na taabu hiyo waliitaja kwa fahari. Walikuwa watu wachangamfu, wala sikuona ubaya katika nyoyo zao. Katika mashua yule bibi alimwuliza nahodha kama kisiwani iko pwani isiyokuwa na watu. Nahodha alimjibu kwa adabu, "Watu wapo, mama. Karibu." Swali lilikuwa la mtu atafutaye upweke, jibu lilikuwa la mtu mwenye kwao.

Jioni ile tulisimama penye magofu ya boma la Wadachi, mahali ambapo mizizi ya miti imezikumbatia kuta hata hujui kipi kinamshika mwenziwe. Popo wakubwa walianza kuondoka mitini kwenda kutafuta matunda. Yule bwana alitazama juu, akatazama chini, akasema kwa furaha kuwa Chole ni kisiwa ambacho hakijagunduliwa bado. Sikumjibu usiku ule, kwa kuwa sikutaka kumharibia jioni yake. Namjibu leo.

Namjibu kwanza kwa ukuta aliokuwa ameuegemea. Mapokeo ya Mafia husema kuwa mji wa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani, ulivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagascar. Ulipoanguka Kua, Chole ikawa mji mkuu wa visiwa vile. Wakaja mawakili wa Sultani wa Unguja, wakaja wafanya biashara wa Kihindi, wakaletwa watumwa kutumikia mashamba ya minazi. Mwaka 1890 Mafia ikaingia mikononi mwa Wadachi, nao wakafanya Chole makao ya serikali yao mpaka mwaka 1913, walipohamia Kilindoni penye bandari bora. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Sehemu ya kisiwa ingali ikiitwa Chole Mjini hata leo. Ni kisiwa gani, basi, ambacho hakijagunduliwa, nacho kimekwisha tozwa kodi na dola tatu? Laiti kingaliachwa bila kugunduliwa, wako waliozikwa pale katika minyororo ambao wangalifia makwao.

Watakuwapo watakaosema kuwa naligombania neno tu, na neno halivunji mfupa. Nasema neno hili huvunja. Mahali panapodhaniwa kuwa patupu hapana wa kuulizwa, na mtu asiyeulizwa hupangiwa. Mwaka 1995 bahari inayoizunguka Chole, Juani na Jibondo ilitiwa katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake katika Tanzania. Sababu ilikuwa njema: baruti za wavuvi zilikuwa zikiua matumbawe na mazalia ya samaki, na wenyeji wenyewe walizilalamikia. Lakini Bibi Christine Walley wa Marekani, aliyekaa Chole katika miaka ya 1990 na kuandika kitabu kilichochapishwa mwaka 2004, ameeleza jinsi ubishi ulivyozuka baadaye juu ya nani mwenye kauli katika hifadhi hiyo: maofisa, mashirika ya kigeni, au mvuvi ambaye baba yake alivua pale. Ubishi huo si wa samaki tu. Asili yake ni swali lile la mashua: iko pwani isiyokuwa na watu?

Asubuhi ikaja habari ya nauli. Wale wageni walikuwa wamekwisha pata kujua kiasi alipacho mkazi wa Chole, na wakashikilia kulipa hicho hicho, ati kwa ajili ya usawa. Hawakutaka, walisema, kufanywa watalii. Nahodha hakubisha sana; alikubali, akatazama kando. Nami naona hoja yao ilikuwa na sura ya haki bila mwili wake. Nauli ya mkazi haikupangwa sokoni. Mkazi hulipa kidogo kwa sababu kesho atasaidia kuvuta chombo pwani, atamchukua mtoto wa nahodha zahanati, na siku ya msiba atabeba jeneza. Salio lake hulilipa kwa mabega. Mgeni aondokaye asubuhi halilipi salio hilo, wala hawezi kulilipa. Usawa autakao ni wa kupokea, na usawa wa kupokea bila kutoa una jina lake la zamani.

Sitaki kumdhulumu mtu. Hapana shaka kuwa mgeni wa furushi hula chakula cha mama muuza chakula, na fedha yake huingia katika mkono aliouona kwa macho, wakati fedha ya tajiri alalaye katika hoteli kubwa mara nyingi hulipwa ng'ambo kabla hajapanda ndege. Katika jambo hili maskini wa Ulaya ni bora kuliko tajiri wa Ulaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nasadiki kuwa mwenyeji huweza kupona kwa shilingi chache zilizotolewa kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni mgeni kudhani kuwa kujinyima kwake ni undugu. Kulala juu ya mkeka usiku mmoja hakumfanyi mtu kuwa mwenye mkeka. Bibi aliyeusuka aliuchuma ukindu, akauanika, akausuka ukili wake kwa siku nyingi. Na bibi huyo hakuulizwa hata jina. Alipigwa picha tu maji yalipokupwa, alipokuwa akichokoa pweza mwambani, naye akaufunika uso kwa kanga. Kanga ile ilikuwa jibu kamili, lakini haikusomwa.

Sasa nageuka kwetu, maana kisu kisichokata pande mbili hakifai katika mabishano haya. Nani alimfundisha mgeni kuwa visiwa vyetu ni vitupu? Tulimfundisha sisi. Matangazo yetu huonyesha mchanga, mnazi na machweo, na tukimweka mtu ndani yake, twamweka amebeba sinia. Watoto wetu twawaacha wamlaki mgeni kwa "Jambo!" na "Hakuna matata!", maneno ambayo hawawaambii mama zao, huku "Shikamoo" ikifichwa kama fedha ya kale. Tumeogopa kumpa mgeni lugha yetu iliyo kamili tusije tukamchosha. Tusistaajabu, basi, akirudi kwao na kusimulia kuwa alikuta bahari nzuri na watu wenye kuchekacheka.

Wala si kweli kwamba mgeni hawezi kujifunza. Mwaka 1965 Bibi Pat Caplan, Mwingereza, alifika Mafia kwa masomo yake, akakaa katika kijiji cha Kanga upande wa kaskazini, akasema Kiswahili na watu, kisha akawa akirudi miaka kwa miaka. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 wanakijiji wenyewe wanasikika wakieleza maisha yao. Mtu anaweza kuyapinga maandishi yake hapa na pale. Hawezi kusema kuwa hakupokea jembe. Simtaki kila msafiri akae miaka. Namtaka ajue kipimo cha usiku wake. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Aulize jina. Alipe nauli ya mgeni bila ugomvi, maana ni mgeni. Na akirudi kwao aseme, "Nililala Chole usiku mmoja, niliona mlango." Nyumba njema si mlango, na aliyeuona mlango tu hana aibu akisema hivyo. Aibu ni kueleza vyumba.

Msomaji ana haki ya kuniuliza mimi nililala usiku mngapi. Nililala mmoja. Nilipanda mashua ile ile ya asubuhi pamoja na wale wageni, na nauli yangu ilikuwa ya wenyeji, kwa sababu nasema Kiswahili na sura yangu haikunisaliti. Wala sikubeba jeneza la mtu Chole. Tulipokaribia Utende ndipo jambo hili liliponichoma, nikampa nahodha salio. Alilihesabu polepole, akaniuliza, "Hii ya nini, ndugu yangu?" Nikamwambia ni ya jembe. Akacheka, akaitia mfukoni, akaniambia nirudi wakati wa kulima.