Mashine isiyo na isnadi

Hivi karibuni, baada ya sala ya Alasiri, alinijia kijana mwenye simu mkononi. Mkwewe alikuwa amefariki, akaacha mke, mama mzazi, mabinti wawili na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama. Kijana aliiuliza programu ya akili bandia namna ya kugawa mirathi. Ikampa mke thumuni, mama sudusi na mabinti thuluthi mbili, na hayo ni sahihi. Kisha ikasema kinachobaki warejeshewe mabinti, ndugu hana haki, ikataja na hadithi ya Bukhari kwa nambari yake. Nilifungua kitabu. Chini ya nambari ile ipo hadithi nyingine kabisa, na ile aliyosomewa kijana sikuiona popote.

Tusiseme mashine ilikusudia uongo, kwani haina nia. Programu hizi, ambazo zilienea tangu Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT, zimefundishwa kwa maandishi mengi mno kukisia neno gani lifuate neno gani. Hutoa kinachofanana na jawabu, na aghalabu huwa ndilo jawabu. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili waliwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na programu hiyo. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikathibitisha. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Na kwa Kiswahili, ambacho maandishi yake mtandaoni ni machache, tutaraji makosa zaidi.

Mimi si adui wa kompyuta. Maktaba Shamila imenipunguzia safari nyingi za kabatini. Lakini yenyewe hukuonesha kitabu, juzuu na ukurasa, ukahakiki kwa macho yako. Wanazuoni wetu walimchunguza kila mpokezi wa hadithi: alizaliwa lini, alikutana na nani, hifadhi yake iliharibika uzeeni au la. Mashine hii ukiiuliza imepokea kwa nani, itakutajia jina, na huenda jina lenyewe limebuniwa papo hapo.

Kijana nilimwandikia hesabu kwa mkono: mafungu 24, mke 3, mama 4, mabinti 16, ndugu 1. Alisikitika kidogo, maana mkewe ni mmoja wa mabinti hao. Hata hivyo karatasi aliipeleka.