Kuhuisha Ardhi Iliyokufa



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha hapa Kaloleni, mama mmoja jirani alitujia na mashaka. Binti yake amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea mazingira, na hamu yake yote ni kurejesha ardhi iliyoharibiwa. Mjomba wa binti amekataa: "Mtoto wa kike apoteze miaka minne kujifunza kupanda miti?"

Mjomba huyo ni mzaliwa wa Kisauni, na hilo ndilo lililotushangaza. Maana ni jirani na hapo, Bamburi, ambako mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kuyashughulikia machimbo ya kiwanda cha saruji: jiwe tupu la matumbawe, jeupe, lenye kuunguza nyayo. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita zilisalia tatu. Mvinje ukashinda. Lakini majani yake membamba yalianguka yakakaa vilevile, hayaozi, hayawi udongo. Ndipo wakaletwa majongoo, hawa hawa tunaowafagia vibarazani. Wakayala majani, na kinyesi chao kikawa rutuba. Leo pale ni msitu. Je, huko ni kupanda miti tu?

Wakati ule kazi hiyo ilikuwa bado haijajengeka kuwa taaluma. Jumuiya ya wataalamu wake iliundwa Marekani mwaka 1988. Sisi wa madrasa tungependa kujisifu kwamba vitabu vya fiqhi vina mlango wa kuhuisha ardhi mfu tangu karne nyingi, ingawa, kwa kusema kweli, mlango ule hushughulika zaidi na nani atamiliki kuliko namna ya kuhuisha.

Namna ndiyo elimu yenyewe. Kule Gazi, Kwale, mlilana hukaa mbele ukitazama bahari, mkoko nyuma yake. Mche ukipandwa pasipo pake hufa. Watafiti na wanakijiji wamerudisha mikoko, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja hulipwa kwa kaboni iliyohifadhiwa humo. Fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Hatukumdanganya mama: ajira si nyepesi, katika fani hii wala nyingine. Jumapili baada ya Alasiri tutafuatana naye kwa mjomba, tumuulize anakumbuka nini juu ya yale machimbo ya utotoni mwake.