Binti Arudipo Shuleni, Nani Atampokea?



Kila masika familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia mashambani, zikaishi vibandani hadi mpunga uvunwe. Watoto wengine hubaki Ifakara na vijijini ili wasikose masomo. Binti aliyebaki bila mlezi ni rahisi kudanganywa; naye apatapo mimba, hulaumiwa yeye.

Kwa miaka mingi adhabu yake ilikuwa kufukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa hilo. Hata hivyo, mwaka 2003 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao ibara yake ya 11 yataka binti aliyepata mimba apewe nafasi ya kuendelea na masomo.

Ahadi hiyo ilihitaji mtu wa kuidai. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na shirika lingine, kilipeleka lalamiko kwa Kamati ya Wataalamu wa Afrika inayousimamia Mkataba huo. Kamati si mahakama, lakini husikiliza mashauri na kutoa maamuzi. Mwaka 2022 iliamua kwamba haki za mabinti hao zilivunjwa. Ikaagiza upimaji wa mimba wa lazima ukome na waliofukuzwa warudishwe. Novemba 2021, shauri likiwa bado linaendelea, serikali ilikuwa imetangaza kwamba wanaweza kurudi.

Mlango huo una thamani kubwa kwetu. Mahakama ya Afrika ipo Arusha, nayo mwaka 2018 iliihukumu Mali kwa sheria iliyoruhusu binti wa miaka 16 kuolewa. Lakini mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowawezesha raia na mashirika kuishtaki moja kwa moja mahakamani humo.

Wako wanaosema kwamba kumrudisha binti shuleni ni kubariki dhambi. Sisi twasema hapana. Mara nyingi mimba ya mtoto ni ushahidi wa kosa la mtu mzima. Tukimfukuza mtoto na kumwacha mwanamume aende zake, tumemwadhibu aliyeumizwa.

Wala uamuzi wa Kamati hautatembea wenyewe hadi Mlimba au Mang'ula. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo na ijiulize: ni binti gani kati yetu aliyekatizwa masomo? Nani atafuatana na mzazi wake kwa mwalimu mkuu? Nani atamlea mtoto mchanga saa za masomo? Wakati wa masika, nani atawaangalia watoto wanaobaki nyumbani? Na katika kwaya zetu, je, binti huyo bado ana nafasi?

Wataalamu wametimiza wajibu wao. Sasa ni zamu yetu kumfungulia binti huyo mlango.