Tuulize Chanzo Kabla ya Kununua Chupa



Mwaka jana tulikuwa na mtoto wa kike katika darasa la tatu ambaye hakukubali kuvua kitambaa chake cha kichwa, hata jua lilipokuwa kali. Alikaa benchi la mwisho, na wakati wa mapumziko alibaki darasani peke yake. Wenzake walikwisha kumpa jina baya. Tulimwita mama yake kwa heshima, akaja, akafungua kile kitambaa mbele yetu huku macho yake yakitazama chini. Kichwani mwa mtoto mlikuwa na mabaka matatu yenye magamba, na nywele zilikuwa zimekatika karibu kabisa na ngozi.

Mama huyo hakuwa mzembe. Alikwisha kujaribu mafuta ya taa yaliyochanganywa na majivu, kwa shauri la jirani. Alikwisha kununua sokoni chupa iliyoandikwa kwamba inaponya upara, mba, vidonda na hata shinikizo la damu. Mwishoni aliuziwa pomada katika duka la dawa, na muuzaji hakumwuliza swali hata moja. Pesa zilizotumika zilikuwa zimewekwa kwa masomo ya kaka wa mtoto, aliye sekondari.

Katika kituo cha afya, muuguzi alitazama kichwa kile kwa muda mfupi tu, akasema: ni mapunye, ugonjwa wa kuvu. Alieleza kwamba kuvu hilo huingia ndani ya unywele wenyewe hadi kwenye mzizi, mahali ambapo pomada peke yake haifiki. Kwa hiyo lazima dawa ya kumeza. Aliandika vidonge vya griseofulvini kulingana na uzito wa mtoto, vya kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta kwa wiki 8, akaagiza pia ndugu zake wachunguzwe na wasitumie kitana kimoja. Nywele zilirudi. Lakini kitambaa hakikuondoka pamoja na ugonjwa. Mtoto alikivaa wiki kadhaa baada ya nywele kurudi, kwa maana aibu hupona polepole kuliko ngozi.

Tangu siku ile tumetafakari sana juu ya jambo hili, na leo tungependa kusema wazi maoni yetu. Kosa halikuwa umaskini wa mama yule. Kosa ni desturi yetu sote ya kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila siku kati ya 50 na 100 huanguka zenyewe pasipo ugonjwa wowote. Zinapoanguka kupita kiasi hicho, hiyo ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vingi. Mwanamume anayepoteza nywele pembeni mwa paji na utosini, kama baba yake na babu yake, ana upara wa kurithi: homoni ya mwili hupunguza nguvu ya mizizi ya nywele mwaka baada ya mwaka. Mtu mwenye duara laini lisilo na magamba huenda kinga ya mwili wake inashambulia mizizi ya nywele, na mara nyingi nywele hizo hurudi zenyewe. Mwingine amepungukiwa damu au chakula. Mwingine anatibiwa saratani kwa dawa kali, na nywele zake kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha.

Tumfikirie hasa mama aliyejifungua. Mwezi wa tatu hivi baada ya kuzaa, anaona nywele zikitoka kwa wingi kwenye kitana. Anaogopa, na majirani wanamwambia mengi. Ukweli ni kwamba wakati wa uzazi, kama vile baada ya homa kali au upasuaji, nywele nyingi huingia pamoja katika mapumziko, halafu huanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Baada ya miezi kadhaa nyingi hurudi bila dawa. Sasa, ikiwa katika miezi hiyo mama alinunua chupa, nani atasifiwa? Chupa! Mwili umefanya kazi, muuzaji amepokea sifa, na kesho mama huyo kwa moyo mwema atamwelekeza kwake dada mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Hivyo ndivyo dawa nyingi zinavyopata jina katika mitaa yetu, wala si lazima mtu yeyote awe amesema uongo.

Hapa wengine hupenda kuanzisha ugomvi wa dawa ya kienyeji na dawa ya kizungu. Sisi hatuupendi ugomvi huo. Wazee wetu wa Kivu waliyaona mashamba ya mikwinini yaliyopandwa katika milima yetu tangu zama za Wabelgiji. Kwinini iliyowaponya wengi malaria ilitoka katika ganda la mti. Lakini mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitenga kiini cha ganda lile, na tangu hapo kikaweza kupimwa, hata kila mgonjwa akapata kiasi kinachojulikana. Mti ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni kipimo. Basi tusiulize kama dawa imetoka msituni au kiwandani. Tuulize inatibu ugonjwa gani, kwa kiasi gani, na nani ameihakikisha.

Tukiuliza hivyo, mimea nayo inapata haki yake. Huko Aberdeen, Uskoti, matokeo ya uchunguzi yalitolewa mwaka 1998: wagonjwa 86 wenye mabaka ya duara waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisugua kichwa kila usiku kwa mafuta ya rozmari, lavenda na mimea mingine miwili. Kundi la pili lilitumia mafuta ya kawaida tu. Baada ya miezi 7, asilimia 44 ya kundi la kwanza walikuwa na nafuu, na asilimia 15 ya kundi la pili. Huko Irani, mwaka 2015, mafuta ya rozmari yalilinganishwa na dawa ya famasi kwa watu 100 wenye upara wa kurithi, na baada ya miezi 6 tofauti kati yao haikuwa kubwa. Hayo ni majaribio madogo, hayatoshi kutangazia watu uponyaji. Hata hivyo yana heshima, kwa sababu yalitaja mmea, kipimo, muda na ugonjwa. Chupa ya sokoni haitaji hata kimoja cha hivyo vinne.

Kuhusu mafuta ya mbegu za mawese waliyotupaka bibi zetu, na mafuta ya mbarika, tuseme kweli: hulainisha unywele na kuuzuia usikatike, na hilo ni jema. Hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba huamsha mzizi uliokufa. Vitunguu saumu vibichi na mafuta ya taa huweza kuunguza ngozi ya mtoto, na mafuta ya taa karibu na jiko ni hatari ya moto.

Dawa za famasi nazo zipimwe kwa mizani ileile. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Waganga wakaona wagonjwa wanaota nywele mahali pasipotazamiwa, na mwaka 1988 Marekani iliruhusu maji yake yapakwe kichwani. Huwasaidia baadhi ya watu, lakini hudai miezi kadhaa ya uvumilivu, na ukiacha kuitumia, ulichopata hupotea. Haimfai mama mwenye mimba wala anayenyonyesha. Finasteridi, iliyoruhusiwa huko kwanza kwa tezi ya kibofu mwaka 1992, halafu kwa upara wa wanaume mwaka 1997, huweza kupunguza hamu ya ndoa na kuleta huzuni kwa baadhi ya wanaoitumia. Mwanamke mwenye mimba asiimeze wala asishike kidonge kilichovunjika, kwa maana huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Basi baba mwenye upara wa kurithi ajiulize kama yuko tayari kununua dawa hiyo mwezi kwa mwezi, miaka yote. Sisi walimu tukiutazama mshahara wetu, jibu tunalo.

Tujihadhari pia na pomada zenye kortizoni kali zinazouzwa ovyo. Zikipakwa juu ya mapunye, hutuliza muwasho, mgonjwa akafurahi, kumbe kuvu linaendelea kuenea chini yake. Kutoka kiwandani hakutoshi kuifanya dawa iwe dawa.

Lakini kuna chanzo kimoja ambacho sisi wenyewe tunakitengeneza kwa mikono yetu, nacho ni misuko ya kukaza. Tazameni wasichana wetu siku za Komunio ya kwanza au Noeli. Wamesukwa vizuri, na nywele zimevutwa hata ngozi ya paji inang'aa. Mtoto analia usiku, hawezi kulaza kichwa, na sisi tunamwambia avumilie ili apendeze. Vipele vidogo vinatokea pembeni, kisha nywele za mbele zinapungua. Tukilegeza mapema, hurudi. Tukiendelea miaka, mzizi hugeuka kovu, na hapo hakuna jani, mafuta wala kidonge cha kuufufua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, wapendwa, haujengeki. Hali kadhalika dada anayesikia kuchomwa au kuwashwa utosini huku nywele zikipungua asingoje, bali amwone mganga mapema, kwa kuwa upara wa namna hiyo nao huacha kovu.

Dawa ya kwanza ya misuko ya kukaza ni kulegeza. Haiuzwi, haina chupa, wala hakuna atakayeitangaza redioni, kwa sababu haimpatii mtu faida. Nasi tumeidharau kwa sababu hiyohiyo: tumezoea kuamini kwamba kisicholipiwa hakiponyi.

Pengine mtu atasema: je, ni kazi ya katekista na mwalimu kuongea habari za nywele? Si ubatili huo? Tunakubali kwamba upara si dhambi wala si msiba. Nabii Elisha naye alikuwa na kipara, na vijana waliomdhihaki hawakusifiwa. Lakini tusiite ubatili machozi ya mwanamke anayeogopa kuvua kitambaa mbele ya mume wake. Katika mitaa yetu nywele zikipungua, watu hunong'ona kwamba ni Sida, au amerogwa, au analipa kosa fulani. Manong'ono hayo ndiyo yanayomfukuza mgonjwa kutoka kituo cha afya na kumpeleka kwa muuzaji wa siri. Muuzaji humkaribisha bila kumcheka. Je, sisi tumemkaribisha hivyo? Kabla ya kuwalaumu wauzaji, tuuchunge ulimi wetu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Basi tunapendekeza mambo matatu yasiyogharimu kitu. Mosi, mtu akipoteza nywele, tumwulize kwa faragha: zilianza lini, ulikuwa na homa au ulijifungua miezi michache kabla, kuna magamba, kuna maumivu, unasukaje? Kisha tumsindikize kituo cha afya kabla hajafungua mfuko wake. Pili, walimu wenzetu, shule inayowaamuru wasichana wote wasukwe msuko mmoja iwaruhusu pia kuwa na nywele fupi, au misuko iliyolegea. Tatu, mtoto mwenye mabaka asitengwe wala asipewe jina. Aandamane na mzazi kwenda kutibiwa, na wenzake waelezwe kwamba huo ni ugonjwa kama mwingine.

Mtoto wetu wa darasa la tatu sasa yuko darasa la nne. Asubuhi moja alikuja bila kitambaa, nywele zake zikiwa fupi na safi, akakaa benchi la mbele. Hakuna aliyesema neno. Tulimshukuru kila mwanafunzi kwa kimya kile.

Kwa kutafakari pamoja katika kikundi:

1. Je, tumewahi kumshauri mtu dawa bila kumwuliza chanzo cha ugonjwa wake?

2. Tunawasuka binti zetu kwa faida ya nani: yao, au ya macho ya watu?

3. Ni nani karibu nasi anayeficha kichwa chake, na tumempa sababu gani ya kukifunua?